Mvua Tuliyoikataza

Juni 15

Nimepata nyumba. Iko huku kwetu Namwon, kwenye kilima nyuma ya soko, na paa lake la bati linavuja kila chumba. Mwenye nyumba, Bibi Maeng, alinitembeza akinionyesha matobo kwa fahari: hili la tangu mumewe yu hai, hili la theluji ya mwaka juzi. Nilitaka kumkumbatia.

Nikamweleza filamu. Mwanamke mzee anaishi peke yake. Mvua inanyesha, paa linavuja, anatega mabeseni na masufuria. Kila chombo kinalia kwa sauti yake, naye anaanza kuwatambua watu: huyu marehemu mume wangu, huyu binti yangu aliyeolewa mbali, huyu mama mkwe. Anawapakulia chakula, anakula nao. Mvua inakatika, wanaondoka. Ni filamu fupi, ya kumalizia mwaka wa tatu chuoni.

"Na huyo mwanamke mzee mmeshampata?" akauliza.

"Bado, Bibi."

"Basi acha kutafuta. Umekaa jikoni kwake."

Akaniuliza mvua nitaitoa wapi. Nikamwambia majira ya mvua yanaanza wiki ijayo, hiyo tunapewa bure.

Kuna mambo mawili yanayonikimbiza. Mwanawe Bibi anakuja kutoka Incheon kabla ya sikukuu ya mavuno kubadilisha paa lote. Na Gyeom, mpigapicha wangu, anaingia jeshini Julai 29, zamu ya lazima ya kila kijana wa kiume hapa Korea. Alishaahirisha mara moja kwa ajili ya filamu hii. Mara ya pili hawampi.

Juni 17

Gyeom na Danbi wamefika kutoka Jeonju na mizigo ya chuo. Danbi ndiye wa sauti. Kabla hata ya kushusha masanduku walishaanza kugombana kuhusu pua ya Gyeom, ambayo inapiga filimbi kila akivuta pumzi. Mtu wa kawaida haisikii, ila maikrofoni inaisikia, na Danbi ameifuta kwenye filamu zetu tangu mwaka wa kwanza.

"Pumulia mdomo," Danbi akamwambia.

"Nikipumulia mdomo nafanana na samaki."

"Unafanana naye tayari. Angalau uwe samaki kimya."

Gyeom ni mtu wa polepole. Ukimwambia twende, yeye anatazama kwanza mwanga umekaa wapi. Leo alilala barazani kwa Bibi Maeng kabla hajapewa hata maji ya kunywa, na Bibi akamwekea mto. Kila mwaka naapa sitafanya naye kazi tena, na kila mwaka jina lake ndilo la kwanza ninaloliandika.

Juni 20

Leo tumefanya ombi la kuanza kazi. Huku kwetu hakuna mtu wa filamu anayewasha kamera bila kwanza kuinama mbele ya kichwa cha nguruwe, awe na dini au asiwe nayo. Sisi kichwa hatukumudu. Danbi aliazima kwa mdogo wake nguruwe wa plastiki wa rangi ya waridi, yule wa kuwekea akiba, tukamweka katikati ya meza pamoja na mikate ya mchele, tikiti maji, samaki mkavu na pombe ya mchele. Kamera nayo tukaiweka mezani ili ibarikiwe.

Bibi Maeng alimzunguka yule nguruwe. "Kichwa kiko wapi?"

"Ndiyo huyu, Bibi. Mzima mzima."

"Huyu hata hakuchinjwa. Anatucheka."

"Inatakiwa acheke," akasema Gyeom. "Akicheka ndiyo kazi inaenda vizuri."

Mimi kama mwongozaji ndiye niliyesoma maneno. Ni maneno ya kurithi. Wanafunzi waliotutangulia waliwaachia waliofuata, sisi tunabadilisha majina tu na mahali. Nilisoma kwa sauti ya kanisani: mtulinde na ajali, kamera isianguke, asiumwe mtu, asigombane mtu na mwenzake, wala lisidondoke tone la mvua mpaka siku ya mwisho ya kazi. Tukainama wote hadi paji la uso likagusa mkeka. Tukamtumbukizia nguruwe noti zetu, tukamwaga pombe kwenye pembe za nyumba, tukakaa kula.

Bibi alikuwa na mkate wa mchele mdomoni. Akatafuna, akatafuna, akasimama. "Nyie watoto. Filamu yenu si ya mvua?"

Danbi alinitazama, mimi nikaitazama karatasi. Gyeom ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni.

Nilitaka tuiname upya tuombe vizuri. Bibi akakataa. "Ukishainama umeinama. Utawaambiaje, samahani, tulikuwa hatusikilizi tunachosema?"

Kila mtu alicheka, na mimi nilicheka. Lakini usiku nimeota niko chini ya bati na juu yake mtu anatembea kwa miguu mikavu.

Juni 24

Mtangazaji wa hali ya hewa amesema majira ya mvua yameanza rasmi. Alikuwa ameshika mwavuli studioni. Nje jua kali.

Juni 25

Jua.

Juni 27

Jua. Tumeanza kupiga vipande visivyohitaji mvua: Bibi akiosha mchele, Bibi akitazama dari, Bibi akishusha mabeseni rafuni. Hajui kuigiza na ndiyo uzuri wake. Nikimwambia ajifanye anakula, anakula kweli, na nikitaka kurudia lazima apikiwe tena. Nilimpa majina ya kuyaita mabeseni, yeye akayatupa na kutumia ya watu wake. Beseni kubwa jekundu amelipa jina la mumewe.

"Huyu alikuwa anachelewa kila siku," ananiambia huku kamera inapiga. "Utaona, hata mvua ikija yeye atavuja mwisho."

"Kata," nikasema. "Bibi, hayo hayamo kwenye hadithi."

"Hadithi ya nani?"

Gyeom hakukata. Aliendelea kupiga, na jioni aliponionyesha nikamwomba anionyeshe tena.

Juni 30

Mawingu asubuhi. Tulikimbia na vifaa hadi juu, tukatega kila kitu, tukangoja. Mchana yakaondoka kuelekea upande wa milima ya Jiri. Kurudi chini, Mzee Guk, jirani mwenye shamba la pilipili, alituambia redioni wanaiita mvua kavu. Hutokea miaka mingine, majira yanapita na maji hayadondoki. Alisema kwa upole, kama daktari.

Julai 3

Jua. Danbi amehesabu pua katika vipande vyote vya jana. Anasema Gyeom ameigiza kuliko Bibi.

Julai 4

Jua.

Julai 8

Joto la kulaza watu. Hatuna kilichobaki cha kupiga isipokuwa mvua, kwa hiyo tunakaa barazani kwa Bibi tukila tikiti maji na kutema mbegu uani. Gyeom hulala chali, kofia usoni, na filimbi yake inakwenda taratibu chini ya kofia. Bibi anasema inamtuliza, ni kama mtu anachemsha maji chumba cha pili.

Leo alimsukuma kwa mguu. "Wewe mwenye pua. Kila mtu ana chombo chake humu ndani. Chako kipi?"

Gyeom aliinua kofia, akatazama rafu kwa muda wake, akaonyesha sufuria ndogo ya aluminiamu, ile ya kupikia tambi za mtu mmoja, iliyobonyea ubavuni. "Ile."

"Na mwongozaji?"

"Mwongozaji si chombo, Bibi. Ndiye tobo lenyewe. Bila yeye hatulowi."

Nilimrushia ganda la tikiti. Baadaye nilikaa nikilifikiria lile jibu kwa muda mrefu kuliko linavyostahili.

Julai 11

Siku mbaya. Niandike yote.

Nilichoka kungoja, nikaamua tutengeneze mvua. Tuliazima mpira wa maji, tukauunganisha na bomba la Bibi, Gyeom akapanda ngazi na kunyunyiza juu ya bati. Maji yalishuka kwa kuchuruzika, jua limeyapiga kwa nyuma, na mabeseni yakapata maji lakini hayakupata mvua. Bibi alitazama tone moja refu likianguka kwenye beseni la mumewe. "Huyu siye," akasema. "Huyu anakojoa."

Nikasema tena. Nikasema tena. Tulirudia mpaka uani kukawa na tope. Ndipo Mzee Guk alipokuja, akasimama getini na kofia yake ya majani mkononi. Hakupaza sauti.

"Binti," akaniambia, "pilipili zangu nazinywesha kwa kikombe. Jana mwenyekiti amepita akituambia tusifungue bomba mchana. Leo naona maji yanateremka mtaroni mpaka mlangoni kwangu."

"Ni kwa ajili ya filamu, Mzee," nikasema. Nilijisikia mwenyewe nikiyasema maneno hayo.

"Filamu," akarudia. Akavaa kofia, akaondoka.

Gyeom alifunga bomba bila kuniuliza. Akachota maji yote yaliyokuwa kwenye mabeseni, akayamimina kwenye ndoo, akazibeba mbili mbili hadi shambani kwa Mzee Guk, akirudi na kwenda, mpaka yakaisha. Hakunisema. Hata hakunitazama kwa namna ya kunisema. Mimi nilikaa ngazini, nikamwona akimimina maji shina kwa shina, polepole, kwa ule upole wake ambao miaka mitatu nimekuwa nikiuita uvivu.

Julai 12

Nimekwenda kumwomba radhi Mzee Guk. Alinipa pilipili mbichi. Ni kali sana.

Julai 15

Jua. Nimeota mvua, nikaamka uso mkavu.

Julai 16

Leo nimejikuta nimetazama angani na kufurahi kwamba hakuna wingu. Nimeandika sentensi hiyo, nimeisoma, na sitaifuta.

Ni hivi. Jana Gyeom alisema, akimenya yai, "Isiponyesha kabla sijaenda, msihangaike. Nitakuja likizo mwakani tupige. Paa likiwa jipya nitalitoboa mwenyewe." Danbi akacheka. Mimi nikaanza kuona filamu isiyokwisha, na yeye akirudi kuimalizia, akipanda kilima hiki amenyolewa, akiuliza mwanga umekaa wapi. Kazi ikiisha, atarudi kwa nani? Tuko darasa moja, kila mtu na maisha yake. Wanaokwenda jeshini wakirudi huwa wamepungukiwa na marafiki na kuongezeka mabega.

Nampenda. Nilitegemea kwamba nikiandika itaonekana ni upuuzi, lakini inaonekana tu imeandikwa.

Julai 19

Bibi ameamua kuita mvua kwa njia yake. Huku kwetu mvua ikinyesha watu hukaanga chapati za vitunguu majani na kunywa pombe ya mchele, kwa sababu mafuta yakichemka husikika kama mvua. Bibi anasema ikiwa mvua huleta chapati, chapati nazo zijaribu kuleta mvua.

Tulikaa kuzunguka kikaango. Danbi akaweka maikrofoni karibu, macho amefumba. "Kweli inafanana," akasema. "Naweza kuitumia hii."

"Hutatumia chapati kwenye filamu yangu," nikamwambia.

"Filamu yako haina hata tone. Chukua chapati, ushukuru."

Bibi alitaka kila mtu aombe mvua wakati wa kugeuza yake. Danbi aliomba. Gyeom aliomba, akaongeza inyeshe upesi, kwani hana mwaka mzima. Nilipogeuza yangu nilitamka mvua, na moyoni nikasema isinyeshe. Chapati ikavunjika katikati.

"Anayesema moja na kufikiri lingine ndiye chapati yake inakatika," Bibi akasema, akanipa vipande vyote viwili.

Julai 22

Jua. Wilaya imeanza kuleta maji kwa lori.

Julai 24

Gyeom anataka kunifundisha kamera. "Mvua ikija mimi sipo, nani atapiga?"

"Haitakuja."

"Ikija."

"Si ulisema utarudi kupiga?"

"Nilisema isiponyesha." Akaniwekea kamera mikononi, akanisogeza viwiko vikae karibu na mbavu. "Ishike kama sufuria ya mchuzi iliyojaa. Usitembee kwa miguu, tembea kwa magoti. Na usivute pumzi hapo unapotaka kitu kionekane."

Nilimwambia ni nzito. Nikairudisha kamera nikasema nina kazi ya kupanga vipande, nikateremka kilima nikikasirika na mtu asiyenikosea. Kujifunza kungekuwa kukubali kwamba anaondoka.

Julai 27

Leo tumemnyoa.

Alitaka anyolewe kwa Bibi, si kinyozini, na alitaka mimi ndiye nimnyoe. Bibi alileta mashine ya marehemu mumewe, akaipuliza vumbi. Gyeom alikaa kwenye kigoda uani, shuka shingoni. Nywele zake ni nyingi kuliko nilivyodhani, zilikuwa zinaanguka mapajani kwake na yeye akizitazama. Nyuma ya sikio kuna kovu dogo ambalo sikulijua.

"La nini hili?"

"Nilianguka mtini nikiwa mdogo. Nilitaka kuona ndege anavyotuona."

"Kichwa kina bonde," Bibi akasema, akipitisha kiganja. "Humo ndimo akili yake ilimolala."

Gyeom alicheka, na mimi nikabonyeza mashine kwa nguvu zaidi ili nisilie. Nilipomaliza alikuwa mtu mwingine mwenye macho yale yale. Niliweka kiganja changu pale bondeni, kwa kisingizio cha kufuta nywele, nikakiacha kwa muda.

"Seolha," akasema.

"Nini?"

"Hakuna. Endelea kufuta."

Kabla ya kufunga vifaa Danbi akakumbuka kwamba hatujachukua kimya cha chumba. Kila mahali tunapopiga lazima turekodi ukimya wake, watu wote wakiwa ndani wamesimama tuli, maana kila nyumba inanyamaza kwa namna yake na bila huo ukimya sauti hazishikani. Tukasimama wanne kati ya mabeseni makavu: Bibi, Danbi, Gyeom na mimi. Danbi akainua kidole. Sikutazama dari wala sakafu, nilimtazama yeye na kichwa chake kipya, na yeye alinitazama mimi. Hakuna aliyesogea. Ulikuwa ni wakati mrefu kuliko wote wa mwaka huu, na tuliruhusiwa.

Danbi akashusha kidole, akavua vifaa vya masikioni. "Pua," akasema. "Mwanzo mpaka mwisho. Rekodi nzima imeharibika."

"Turudie," nikasema upesi.

"Basi linaondoka."

Julai 29

Kambini, getini. Mama yake alikuwa akilia, baba yake akitazama saa. Danbi alimpa dawa ya mafua apake puani, kwa heshima ya taifa. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, nikamwambia, "Kula vizuri." Akainama kwa wazazi, akatuinamia na sisi, akaingia pamoja na vichwa vingine vingi vilivyonyolewa, na baada ya hatua chache sikujua tena kipi ni chake.

Jua, hata pale.

Julai 31

Imenyesha.

Nilikuwa nimelala mchana. Nilisikia nikadhani ni ndoto zile zile, nikabaki nimefumba macho niifaidi. Kisha nikasikia harufu ya vumbi lililolowa, na ndoto hazinuki.

Sikuinuka. Danbi alipiga simu, sikupokea. Alikuwa kwa shangazi yake hapa hapa mjini, alibaki nami makusudi. Nilijua tayari ameshika maikrofoni, yuko njiani anapanda. Nililala nikitazama dari la kwetu ambalo halivuji, nikajiambia ukweli wote: nikikaa hapa mpaka ikatike, filamu haitaisha, na Gyeom atakuwa na kitu cha kurudia. Mvua ikikatika nitamwambia ilipita tu. Hakuna atakayenilaumu, mpigapicha sina.

Nilikaa hivyo, sijui kwa muda gani. Kilichoniinua si ujasiri. Nilimkumbuka akibeba zile ndoo kwenda kwa Mzee Guk, na nikaona aibu kumshika mtu wa namna ile kwa hila.

Nilipanda kilima nikikimbia, kamera nimeifunga ndani ya koti. Mzee Guk alikuwa amesimama katikati ya pilipili zake bila kofia, maji yanamtiririka usoni. "Nguruwe wenu amesikia," akaniita. "Amechelewa, lakini amesikia."

Bibi Maeng alikuwa ameshavaa suruali ya maua ya kwenye filamu na kuchana nywele kama tulivyokubaliana. Mabeseni yote yako chini. Danbi amekaa pembeni amelowa chapachapa. Nyumba nzima ilikuwa inalia, kila chombo na sauti yake, na lile beseni jekundu lilikuwa bado kavu.

"Umechelewa," Bibi akaniambia. "Wageni wangu wameshafika."

Nikabana viwiko kwenye mbavu. Nikatembea kwa magoti. Nikapiga.

Alifanya yote. Alimsalimu mama mkwe, akamgombeza binti yake kwa kutopiga simu, akapakua wali bakuli kwa bakuli. Tone la kwanza lilipoanguka kwenye beseni jekundu hakusema neno, alisogeza tu mto akakaa karibu nalo. Halafu akafanya jambo ambalo sikumwelekeza. Alikwenda rafuni, akashusha ile sufuria ndogo iliyobonyea, akatafuta tobo, akaitega.

"Hii ya nani, Bibi?" Niliuliza kwa sauti, nikaharibu kipande.

"Ya mwenye pua. Yuko mbali, apate pa kukaa."

Machozi yalinitoka, na mkono, uliokuwa ukitikisika tangu mwanzo, ukazidi mpaka mwisho. Danbi aliniona. Hakunikatisha.

Mvua ilikatika kabla ya jioni. Vyombo vikanyamaza kimoja kimoja, beseni jekundu la mwisho. Tulitaka kurekodi ukimya wa baada ya mvua, lakini haukuwepo. Mtaa mzima ulikuwa umetoka nje unapiga kelele za furaha, na vyura hatukujua wametokea wapi.

Tulikula chapati. Sikuvunja hata moja.

Agosti 1

Mvua.

Agosti 2

Mvua.

Agosti 10

Amepiga simu. Wanapewa simu zao mwisho wa wiki, kwa zamu.

"Huko ilinyesha?" lilikuwa swali lake la kwanza. "Hapa ilitukuta uwanjani. Nilisimama wima nikifikiria matobo."

Ningeweza kusema hapana. Nafasi ilikuwa imekaa pale, tayari.

"Ilinyesha," nikasema. "Nimepiga. Imeisha. Picha zote zinatikisika."

Niliisikia pua yake kwenye simu.

"Zinatikisika vipi?"

"Kama mtu anayelia."

"Usizitoe." Kisha, kwa sauti ya mzaha ambayo haikumkaa vizuri, "Basi sina tena cha kurudia huko."

"Unacho," nikasema. "Mimi nipo."

Nyuma yake watu walikuwa wakimwambia aharakishe. "Foleni ni ndefu," akasema, lakini hakukata simu. Tulikaa hivyo mpaka muda ukamkata.

Agosti 23

Chumba cha kuhariri, Jeonju. Hakina dirisha. Tunakula tambi na kutazama mvua ya Julai 31 mpaka macho yanauma. Nimejaribu kuondoa vipande vinavyotikisika, filamu ikafa. Nimevirudisha.

Agosti 26

Tumefika mwisho. Mvua inakatika, wageni wanaondoka, Bibi anabaki na vyombo. Pale panahitaji ukimya wa nyumba, na sisi tuna vyura na majirani. Danbi alipekua kila alichorekodi.

"Kuna ule wa siku ya kunyoa," akasema hatimaye. "Ule ulioharibika."

Tukaweka. Tukasikiliza. Bati likitulia juani, saa ya ukutani, watu wanne wamesimama. Na chini kabisa, nyembamba, inakuja na kwenda, filimbi.

Danbi aliweka kidole kwenye kitufe cha kufutia. Miaka mitatu ameifuta hiyo pua, anajua ilipo bila kutafuta. Akanitazama.

"Niitoe?"

"Iache."

Aliondoa kidole, akaegemea kiti, tukarudi mwanzo tukasikiliza tena.

Septemba 18

Onyesho la chuo. Nilimleta Bibi Maeng kwa basi. Amevaa hanbok yake ya kijani, lile vazi la sikukuu, na njia nzima alikuwa akimsema mwanawe kwa lile paa jipya. "Zuri, sikatai. Lakini halisemi kitu. Juzi imenyesha mpaka asubuhi na mimi nimelala kama sina watu."

Tulikaa safu ya katikati, yeye kati yangu na Danbi. Taa zikazimwa. Alijicheka alipojiona anaosha mchele, akamweleza mtu wa mbele yake kwamba ule wali ulikuwa mtamu. Mvua ilipoanza akanyamaza. Picha zikatikisika. Nilisikia mtu nyuma akimnong'oneza mwenzake kwamba ni kama ndoto, nikashukuru gizani kwamba hawajui ni mkono tu.

Beseni jekundu likapata tone lake. Bibi akanishika kidole, akakishikilia.

Kisha mvua ikakatika. Vyombo vikanyamaza, na pale kwenye skrini Bibi akabaki peke yake katikati ya chumba, na nyumba ikawa kimya, ule ukimya wetu wa Julai, umejaa ukumbi wote.

Bibi Maeng aliyekuwa pembeni yangu akainua kichwa. Akasikiliza.

"Kumbe amekuja?" akaniuliza, wala si kwa kunong'ona.

"Nani, Bibi?"

"Si huyu mwenye pua."

Akageuka kwenye kiti, akaanza kumtafuta gizani, safu kwa safu, uso kwa uso. Danbi akageuka. Na mimi niliyeiweka sauti ile pale kwa mikono yangu, nikageuka pia, nikamtafuta.